Hatua ya Saba

Khwisero, 31 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Willis,

Mulembe, na Bwana asifiwe. Mimi sijambo. Goti linalalamika kama kawaida yake lakini bado linanifikisha kanisani. Wewe na joto la Juba mwaonaje? Unakula? Usinijibu kwa picha ya soda.

Kile kikompyuta chako cheupe, kile kinachochomekwa ukutani kama chaja ya simu, kimenigomea. Taa inawaka, lakini nikikifungua kwa laptopu naambiwa mfumo wake ni wa zamani, si salama, na mlango unafungwa. Unajua picha za daftari zangu zote za uzazi zimo humo, miaka thelathini na mmoja ya zahanati. Zile za karatasi mchwa walishazimaliza.

Sasa Sylvia, binti ya marehemu Khalayi wa huku bondeni, anatakiwa kupeleka ushahidi wa kuzaliwa kabla tarehe 14 haijapita. Bila huo hapati kitambulisho, na bila kitambulisho chuo hakimtaki. Ni mimi niliyemzalisha mama yake, kwa mikono hii. Nimemwahidi ukurasa wake. Nifanyeje?

Mama yako,
Pascalia


Juba, 2 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Mulembe mama. Nashukuru u mzima, na goti lipe pole zangu. Mimi nimekula, tena obusuma, ugali wa kwetu, na samaki, wala sitatuma picha.

Mfumo niliouweka mle umezeeka, na waliouunda wameacha kuutunza. Dawa ni kuuondoa na kuweka mfumo mwingine wa Linux, unaitwa Debian, ndani ya kikompyuta hichohicho. Wesley wa duka la kompyuta pale Lurambi atakutilia mfumo mpya kwenye flashi. Kwa kuwa kikompyuta chenyewe hakina kioo wala kibodi, utakiunganisha na laptopu kwa waya, kisha uandike ninachokuandikia, herufi kwa herufi. Hatua kumi na mbili ziko hapa chini. Wewe umefuata maagizo ya madaktari maisha yako yote, hizi hazitakushinda.

Sharti ni moja: kazi ikianza, usikichomoe ukutani hata mbingu zikianguka.

Mwanao,
Willis


Khwisero, 9 Aprili 2025

Willis mwanangu,

Mulembe. Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima, ila moyo sivyo.

Ijumaa nilinawa mikono, nikavaa miwani, nikaanza. Hatua ya kwanza mpaka ya sita zilikwenda vizuri, nikaanza hata kujisifu. Ya saba mashine ikaniuliza mfumo mpya uandikwe wapi. Nikaandika lile jina ulilonipa. Kabla sijabonyeza kitufe cha mwisho, ngurumo ikapiga.

Unaijua mvua ya kwetu, saa tisa alasiri haichelewi. Na tangu radi iingie kwa mzee Makhanu ikaua fahali akiwa amefungwa kwenye kamba, nyumba hii ikisikia ngurumo tunachomoanga kila kitu. Mkono wangu ulichomoa kabla akili haijafika. Nilipokumbuka sharti lako, waya ulikuwa umeshaning'inia.

Sasa kinawaka taa nyekundu tu, hakisemi neno. Siku tano nimeogopa kukuandikia. Mimi niliyewafokea wauguzi wadogo kwa kutofuata maagizo! Sylvia amepita hapa mara mbili, nami nimemwambia mashine inapumzika. Ni uongo, nami nina miaka sabini na mmoja.

Nisamehe.

Mama yako


Juba, 10 Aprili 2025

Mama yangu,

Mulembe, mulembe tena! Barua yako nimeisoma kwenye simu mara tatu, kisha nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji hapa kazini nikalia mbele ya mafundi wote. Kipruto, msimamizi wetu, alidhani nimefiwa.

Nami nina la kuungama. Jumamosi nilirudia kusoma hatua zangu. Kwenye ya saba, badala ya jina la hifadhi ya ndani ya mashine, niliandika jina la ile kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa ubavuni mwake. Daftari zako zimo kwenye kadi hiyo, na nakala nyingine hakuna. Ungebonyeza tu, ingefutwa yote. Niliamini umeshabonyeza. Ukimya wako nikaufanya ushahidi, nikawa natazama simu bila ujasiri wa kupiga. Mama, mimi ndiye wa kuomba msamaha.

Taa nyekundu si kifo, kinangoja tu maagizo. Chomoa ile kadi, itie kwenye laptopu, uniambie unaona nini. Tafadhali, leo.

Mwanao


Khwisero, 10 Aprili 2025

Willis,

Mulembe. Salamu ndefu nitakupa siku nyingine.

Zipo! Daftari kumi na nne, kila ukurasa. Nimepiga vigelegele mpaka jirani Gentrix akaja mbio akidhani kuna mtu amejifungua kwangu. Kadi nimeifunga kwenye leso, nimeiweka ndani ya Biblia.

Nitumie hatua mpya. Safari hii zisome mara mbili kabla ya kutuma, kama dawa ya mtoto. Nasi tutafanya asubuhi.

Mama yako


Khwisero, 14 Aprili 2025

Mpendwa mwanangu,

Mulembe, na amani ya Bwana. Leo nimelala vizuri, goti limenyamaza, na natumai wewe pia umelala.

Jumamosi saa tatu asubuhi, jua kali, nilianza upya. Mistari ilipita kwenye laptopu karibu saa nzima, nami nimekaa mbele yake bila hata kunywa maji. Kisha taa ikageuka kijani na Debian ikaniuliza jina langu. Nilirudisha kadi, daftari zikafunguka. Jana Wesley alinitilia nakala mbili, moja iko njiani kuja kwako. Ofisi ya vitambulisho imepokea ukurasa wa Sylvia leo asubuhi bila swali.

Lakini nataka ujue jambo moja. Siku zile kila mama alikuwa anatia kidole gumba kando ya jina la mtoto wake. Khalayi alikufa Sylvia akiwa hajaanza kutembea, na hakuacha hata picha. Jana baada ya ibada ya Matawi nilipofungua ukurasa, msichana hakusoma tarehe wala uzito. Aliweka kidole gumba chake juu ya kioo, pale kilipo cha mama yake, akaniuliza, "Sista, kumbe alikuwanga na kidole kidogo hivi?"

Nikamwambia ndiyo, kilikuwa kidogo, na kilikuwa na wino mwingi kwa sababu kwa furaha alikichovya mara mbili. Nilimwachia laptopu mpaka chai ikapoa.

Mama yako,
Pascalia