Eda Yangu na Jicho la Malkia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Mimi niliyekuwa nikikuandikia kila mara kusahihisha makosa ya gazeti lenu nilinyamaza kwa sababu mume wangu, Mwinyimvua, aliugua, nikamuuguza, akafariki, na sasa nimo ndani ya eda hapa Kibiti, nimevaa kaniki, sitoki, sijipambi, sijitii manukato, na silinung'unikii jambo hilo, maana eda ni amri ya Mungu na mume wangu alistahili kuliliwa zaidi ya hivyo.

Ninachonung'unikia ni amri za mashemeji.

Tangu vituo vya televisheni vya watu binafsi viruhusiwe, kuna mfululizo wa hekaya uitwao Malango ya Ukungu, unaohusu malkia mwenye jicho moja alindaye lango lisipitwe na watu wa ukungu. Hapa kwetu uliwashika watu kama homa. Saadi, jirani yetu wa nyuma ya nyumba, alinunua televisheni na jenereta, akafunga antena juu ya mti mrefu wa mkoko ulioletwa kutoka Nyamisati, na kila Alhamisi baada ya isha watu walijaa bandani kwake, mmoja nje akiuzungusha mti, wengine ndani wakimpigia kelele, "Rudi! Rudi kidogo! Umepitiliza, wewe!" Kwa kuwa filamu ile husemwa kwa Kiingereza, na mimi nilikifundisha hadi nilipostaafu, Saadi aliniwekea kiti mbele, nikawa natafsiri kwa sauti, naye Mwinyimvua akiketi nyuma yangu na kunibishia.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja tu: Malkia alipotezaje jicho? Filamu haikusema. Mimi nilishikilia kwamba alinyang'anywa na dada yake. Mwinyimvua alishikilia kwamba aliliuza mwenyewe, kwa hiari, ili apewe ufunguo wa lango. "Mwalimu," alikuwa akiniambia tukirudi nyumbani, "mtu aliyenyang'anywa hatembei namna ile. Mtazame shingo." Mtaa mzima uligawanyika kama Simba na Yanga. Kisha ikatangazwa kwamba inatengenezwa hadithi nyingine, ya ujana wa Malkia, itakayoeleza yote yaliyotangulia, jicho likiwemo. Tukangoja. Mwinyimvua aliugua akingoja, na siku alipojua kwamba hatainuka alinishika mkono akasema, "Itakapoonyeshwa, uje uniambie kaburini. Wala usinidanganye, mwalimu. Kama nimeshinda, sema nimeshinda." Nikamwahidi.

Sasa hadithi hiyo inaanza mwezi ujao, na eda yangu itakuwa haijaisha. Sikuomba kwenda bandani, mipaka yangu naijua. Kiti changu kimekaliwa na Dulla, kijana aliyetoka Dar es Salaam, ambaye ninamsikia kupitia ukuta akitangaza, "Malkia kamaindi, washikaji!" na hiyo ndiyo anayoiita tafsiri. Saadi mwenyewe, kupitia mkewe Rukaya, ndiye aliyeniletea habari kwamba ataileta televisheni sebuleni mwangu, waya upitishwe dirishani, nitazame na wanawake wenzangu. Nikakubali. Wifi yangu Tabu, dada wa marehemu, ambaye anakaa nami kuniangalia katika eda, akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"Televisheni katika nyumba ya eda! Wifi, humo mna wanaume."

"Wanaume gani? Hizo ni picha."

"Mwanamume ni mwanamume, hata akiwa wa kioo. Mjane haonani na asiye maharimu wake."

"Hao hawanioni, wifi."

"Wewe je, huwaoni? Na yule wa upanga, asiyefunga vifungo vya shati?"

Akaitwa shemeji yangu Kibwana, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Shemeji, ukiwasha kitu hicho, siku ya kutolewa eda usitutazamie. Hakuna wa kwetu atakayekuogesha wala kukuvisha kanga mpya. Utatoka kama kuku aliyefunguliwa banda." Katika ukoo huu, mjane asiyetolewa na ndugu za mumewe huhesabiwa kuwa ametoroka eda, na husemwa hivyo hadi siku ya kufa kwake.

Nikamjibu, "Shemeji, tangu utotoni ninaoga mwenyewe. Siku hiyo pia sitashindwa."

Nusu ya mji huu imejifunza kusoma kwangu, nami sitafundishwa namna ya kulia na mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa alipokwisha kuwa maiti. Ahadi ni yangu, nyumba ni yangu, marehemu alikuwa wangu. Niambie basi: niwashe, au nisiwashe?

Mjane, Kibiti

*

Mwalimu,

Pole sana, na Mungu amrehemu Mwinyimvua. Sasa keti nikusute kidogo, kwa sababu barua yako imetafuta shahidi kuliko ilivyotafuta ushauri.

Hoja ya wanaume wa kioo isikusumbue. Kama picha ni mwanamume, wifi yako aanze kwa kuifunika kalenda ya ukutani. Lakini kinachofaa na kisichofaa katika eda hakiamuliwi na mimi, wala na wifi, wala na shemeji anayehukumu akiwa kizingitini. Mwombe sheikh wa msikiti wenu aje, umuulize nyuma ya pazia. Akisema haifai, usiwashe. Akisema haina ubaya, Kibwana akabishane naye.

Sasa kosa lako, na ninashangaa kwamba hukuliona. Ulimwahidi mumeo kumpelekea habari kaburini. Kaburini hutakwenda mpaka eda iishe. Basi hata ukitazama siku ya kwanza, habari yenyewe itakaa nawe humo ndani, haina pa kwenda. Mwambie Saadi atafute deki ya video, arekodi kanda, uzitazame ukiwa huru, kisha uende kwa mzee moja kwa moja. Ahadi haiozi.

Haraka yako, kwa hiyo, si ya ahadi. Ubishi ule ndio sauti ya mumeo iliyobaki katika nyumba hiyo, nawe unataka kuisikia tena. Hilo si aibu. Ila fikiri vizuri: siku jibu litakapopatikana, ubishi utakuwa umekwisha, na hakuna atakayekuambia tena utazame shingo. Je, una haraka ya kufika hapo?

Ama kitisho cha kukususia, usikinyenyekee. Eda huisha kwa muda wake kutimia, haiishi kwa mkono wa wifi. Waalike kwa heshima, mara moja. Wasipokuja, mwite Rukaya. Maji yapo, kanga zipo.

*

Mpendwa mshauri,

Jibu lako nimelisoma, na mahali uliponisuta pananiuma kwa sababu ulisema kweli.

Sheikh Sadala alikuja, akakaa nyuma ya pazia, akacheka hadi akakohoa, akasema haoni ubaya mradi wanaume wa mtaa wasiingie, ingawa kusubiri kuna adabu zaidi. Hadithi ilianza Alhamisi iliyopita. Sikuwasha. Jioni hiyo wifi Tabu aliniaga kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa kwa Bi Zabibu, akarudi kanga zake zikinuka moshi wa jenereta. Asubuhi, akinimiminia chai, akasema huku akilitazama birika:

"Wifi, yule Dulla hafai. Malkia kasema maneno marefu mpaka watu wakalia, yeye ati, 'Kasema tusepe.' Hivi yule mama atakuwa alisema nini hasa?"

"Wewe si ulikuwa kwa mgonjwa, wifi?"

"Nilipita tu."

"Na wanaume wa kioo?"

"Nilikaa nyuma kabisa."

Nikanywa chai yangu. Akaendelea kusema kwamba Saadi amekwisha kurekodi kanda, nayo yeye Tabu ameichukua mwenyewe, ameiweka juu ya kabati langu, na kwamba nikikubali kuiwasha sebuleni na kuwatafsiria wanawake, atasema na kaka yake. Nikamwambia nitafikiri. Adhuhuri mke wa Kibwana akaleta ujumbe kutoka kwa mumewe: hajaafiki lolote, ila anataka nijue kwamba katika suala la jicho yeye yuko upande wa marehemu.

Kwa hiyo, mshauri, wenye haraka sasa ni wao. Walinikataza bila kuniuliza. Nao watangoja bila kuniharakisha. Sijaamua kama nitaiwasha kanda hiyo ndani ya eda au baada yake, wala hakuna atakayeniamulia. Wifi ameniambia kwamba katika sehemu hii ya kwanza Malkia angali na macho yake mawili, basi Mwinyimvua naye angali ananibishia. Nikishaamua, nitakuandikia.