Ile Nusu ya Tangazo Ilikuwa Yako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikakaa kidogo kama mjinga nikisubiri marahaba.

Mama hajambo. Yuko Marangu, amekataa kushuka mjini. Duka la Pasua ninalo mimi. Kazi ya Arusha nimeacha. Bado tunauza rangi, misumari na mabati, na bado kuna wateja wanaoingia wakikuulizia kwa sababu hawajapata habari. Inabidi niwaambie hapohapo kaunta, nimeshika brashi waliyoomba.

Nakuandikia kwa sababu ile habari ya tangazo sasa nimeielewa. Nimechelewa, na sina mwingine wa kumwambia.

Unamkumbuka Deo, afisa masoko wa kampuni ya rangi, siku alipokuja na shati lake lililonyooshwa vizuri, akakaa juu ya ndoo ya rangi kama mtu wa nyumbani. "Mzee, tangaza duka lako pamoja na rangi yetu. Gharama tunagawana nusu kwa nusu. Wewe lipa kwanza, sisi tutakurudishia." Ulinipigia simu umefurahi: "Kampuni imenikumbuka!" Ukauza ng'ombe mtamba wa Mama, ukalipia redio, ukapaka ukuta wote wa mbele rangi zao na nembo yao. Tangazo ulilisoma mwenyewe, kwa sauti ileile ya kuanzisha nyimbo kanisani. Mwishoni, kwa wema wako tu, ukaongeza kwamba hata rangi za kampuni nyingine zinapatikana.

Ulipodai nusu yao, wakakukatalia. Kwanza wakasema tangazo walipaswa kulisikiliza wao kabla halijaenda hewani. Halafu wakasema umetaja washindani wao. Halafu risiti ya fundi wa ukuta ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, wao wanataka ya mashine. Kila ulipokwenda ofisini kwao ulivaa koti la ibada, ukarudi umelibeba mkononi. Deo akaacha kupokea simu zako. Nilipokwambia twende tukawabane, ulinijibu, "Ule ulikuwa msaada, binti yangu. Wamekataa, basi."

Sisemi hilo ndilo lililokuua. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Lakini miezi ile ya mwisho ulikuwa unaingia dukani kwako kwa mlango wa nyuma, kama mwizi, ili usiuone ule ukuta. Niliona, Baba.

Msibani walikuja. Walileta turubai kubwa lenye nembo yao, na katoni za maji. Wakasimama karibu na jeneza lako, wamevaa fulana za kampuni, Deo mbele, wakapigwa picha. Nikadhani aibu imewaingia. Nikasimama mbele ya watu, nikawashukuru kwa niaba ya ukoo mzima.

Mwezi uliopita wakaita mawakala wao wote kwenye semina, hoteli moja hapa Moshi. Nikaenda badala yako. Mama mmoja kutoka makao makuu akaeleza, taratibu, bila kuficha kitu: kila wakala anaponunua mzigo, sehemu ndogo ya alicholipa inawekwa kando kwa ajili ya matangazo yake. Akitangaza kwa masharti yao, anarudishiwa kutoka kwenye fungu hilo. Asipolitumia hadi mwaka ukaisha, linabaki kwa kampuni, kwa shughuli zake za eneo hilo.

Nikanyoosha mkono. "Na wakala ambaye masharti hayo hakuelezwa?"

"Afisa wa eneo ndiye anayeeleza."

Deo akawa anaangalia simu yake.

Nikauliza tena: kampuni ikienda msibani kwa wakala, turubai na maji vinalipiwa na nini? Yule mama akajibu bila hata kusita. Fungu hilohilo.

Baba. Haukuwa msaada. Ulikuwa unavaa koti kwenda kuomba kilicho chako. Na lile turubai nililolishukuru mbele ya ukoo, nani ajuaye, labda lilitoka kwenye jasho lako wewe uliyelala chini yake.

Nilidai kwa jina lako. Wakasema hesabu za mwaka ule zimefungwa. Nje, Deo akanifuata. "Dada, pole. Mzee alinichukulia kama mwanawe." Nikamwambia, "Mwanawe angemweleza." Nikaondoka, maana nilikuwa karibu kulia na sikutaka anione.

Hili linalofuata litakushangaza: nimesaini nao tena. Wateja wanaitaka rangi hiyo, na nisipoiuza mimi wanavuka barabara. Safari hii nilipeleka maneno ya tangazo kwanza, nikasubiri idhini yao ya maandishi, nikadai risiti ya mashine kwa kila kitu. Wakarudisha nusu yao, kamili, bila neno. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Ilikuwa rahisi hivyo! Mtu mmoja kukaa na wewe, kwa muda wa kunywa chai tu, akueleze.

Juzi nimesikia wamepata wakala mpya kule Rau, mzee wa umri wako. Nilimfuata dukani kwake, nikamwamkia, nikamweleza sharti moja moja kwa Kichagga hadi akaanza kunisahihisha mimi. Nakuahidi nitafanya hivyo kwa kila duka watakaloingia mjini hapa, wapende wasipende.

Najua ungeniambia nimsamehe Deo. Mchungaji naye ameshaniambia. Bado, Baba. Usiniharakishe.

Pumzika. Aika, asante kwa yote.

Mwanao,
Ndeshi