Kurasa Mbili Zilizosimama Kichwa Chini

Goma, Jumapili, baada ya misa

Kavira, mke wangu,

Nimeandika "mke wangu" nikaacha kalamu, nikayatazama maneno hayo mpaka wino ukakauka. Bado ni mapya kwangu. U mzima, mpenzi? Kile kikohozi ulichokuwa nacho asubuhi nilipopanda kamyo kimekwisha? Na mama yangu anakuacha upumzike, au anakupitisha sokoni kila siku ili aringie majirani? Mimi ni mzima. Ninakula, ninafanya kazi, ninalala, na popote hapo wewe upo.

Wenzangu wamechoka na jina lako. Bahati, kijana wa Masisi mwenye kitanda kando ya changu, aliniambia jana tukinywa chai: "Kasereka, hata mukate ukiukata unasema Kavira. Sisi wote tulimuoa pamoja na weye?" Nilicheka, lakini sikuacha. Nikamweleza tena ulivyoshika mkono wangu siku ya ndoa, kwa nguvu kama mtu anayevuka mto. Akaziba masikio.

Uliniuliza kitabu changu kimefika wapi. Unajua hapa kwenye atelye, karakana hii ya uchapaji, mwanafunzi hapati cheti mpaka atengeneze kitabu kimoja peke yake: achague herufi, apange kurasa, achape, akunje, ashone. Mimi nilichagua kitabu cha wamama wa parokia yetu wanaojifunza kusoma, mama yako akiwa mmoja wao. Nilitaka herufi nono na mistari iliyoachana, ili jicho lisipotee njia. Mwalimu wetu, Papa Hangi, muzee asiyesifu mtu, aliutazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ukurasa hii inapumua." Kavira, siku hiyo nilitembea kama bwana arusi mara ya pili!

Lakini herufi zetu za madini ya risasi zilinunuliwa Ulaya, na idadi ya kila herufi ilipimwa kwa ajili ya Kifaransa. Kifaransa hakina kazi kubwa na k na w, Kiswahili kinazimeza. Nikishapanga kurasa nne tu, visanduku vya k na w vimebaki vitupu. Basi nachapa hizo nne, nazibomoa, narudisha kila herufi mahali pake, naanza nne nyingine. Ndiyo maana miezi inapita. Dirisha letu linaangalia barabara ya Rutshuru. Naona kamyo zikipita kwenda kwetu, abiria wamekaa juu ya magunia wakiimba, na mimi nimesimama na kipande cha risasi kidogo kuliko punje ya mchele. Sisi wanafunzi hufunguliwa geti Jumapili tu. Nikitoka nakutana na mawe meusi ya volkeno, nazunguka, narudi. Nikikaza fremu ya chuma kuzunguka ukurasa ili herufi zisitikisike, nazionea huruma. Hali yao naijua.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Nilikuwa nimebakiza kurasa nne za mwisho, zimepangwa tayari. Baada yake kushona, cheti, halafu Pasaka nyumbani kama nilivyokuahidi. Siku tisa zilizopita, Ijumaa, ofisi moja ya mjini ikaagiza afishi nyingi za Kiswahili, matangazo ya kubandika ukutani, ikataka kazi ianze mara moja. Papa Hangi akaniambia, "Ile k yote iko kwako. Chapa leo, ao ubomoe bila kuchapa."

Nilichapa mbiombio, moyo wangu ukiwa tayari nyumbani Butembo. Ili karatasi ikikunjwa kurasa zote zisimame sawa, kwenye mashine lazima kurasa mbili zilale kichwa chini. Kila mwanafunzi anafundishwa hilo wiki ya kwanza. Mimi nilizisimamisha zote nne kama watoto wa shule kwenye mstari, nikaziona nzuri, nikachapa karatasi zote. Jioni Bahati akabomoa herufi, zikaingia kwenye afishi.

Jumatatu nilipokunja karatasi ya kwanza, kurasa mbili zilikuwa kichwa chini. Nikakunja nyingine, na nyingine tena, kana kwamba mojawapo ingenionea huruma.

Papa Hangi hakunigombeza. Alisema, "Cheti utapata. Ni kosa ya mwanafunzi, si ya mwivi. Shona, uende Pasaka. Ao ungoje afishi ziishe, herufi zirudi, upange tena."

"Ashone, papa!" Bahati akasema. "Mutu atageuza kitabu, basi. Kugeuza kunauma?"

"Weye utageuza, juu unajua kusoma," Papa Hangi akamjibu. "Mama mwenye anaanza leo, akiona ukurasa na haelewi, atasema kitabu iko na kosa? Atasema ni kichwa yake."

Nikajibu palepale: "Nitapanga tena."

Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo nilipokumbuka Pasaka. Ndipo nilipokukumbuka wewe. Mimi ninayekutaja mpaka watu wanaziba masikio, dakika ile moja sikukutaja. Nimelibeba hilo wiki nzima. Sitafika kabla ya mwezi wa sita, Kavira.

Bahati alinihurumia. "Andika tu kama muzee amekatala kukupa ruhusa," akasema. "Sura ile ya Papa Hangi, nani hatasadiki? Bibi yako atalia kidogo, atakupenda zaidi." Nikaiandika barua hiyo, kurasa mbili, na ilikuwa nzuri, mume anayeteswa! Asubuhi hii nimeichana. Wiki mbili tu tumekaa nyumba moja. Sitaki uongo wangu wa kwanza uwe na umri sawa na ndoa yetu.

Msalimie mama yangu, umwambie asikufiche huzuni yake kwa kukupa kazi. Msalimie baba yako, ambaye bado ninamwogopa. Mdogo wangu Muhindo aendelee kuwachotea maji, na paa la jikoni alitazame kabla mvua haijalibeba. Mama yako mwambie asiache kusoma. Mpe ukurasa wa kwanza niliouweka ndani ya bahasha, auzoee. Nawe kasirika, mpenzi, kasirika wazi, uniandikie hasira yote bila kupunguza. Nitaisoma kwa furaha kwa sababu ni mwandiko wako.

Majirani wakikuuliza kwa nini mume wako hakuja Pasaka, waambie kazi imenifunga, hawatauliza zaidi. Lakini wewe ujue kwamba niliambiwa niende, nikabaki.

Mume wako anayekupenda na kukukosea,

Kasereka