Friji ya Jeff Imetoa Vifaranga

Mama Joan, friji ya Jeff imetoa vifaranga! Trei moja ya mayai imetoa vifaranga arobaini na wanne, na kijana haji tena huko Elburgon kubeba mbao. Ndiyo, umesoma vizuri. Najua trei ni mayai thelathini, darasa la saba nilifika. Usihesabu kwanza. Soma.

Sasa wacha nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hamjambo huko kwa msitu? Mgongo wa Baba Joan umelegea ama bado anatembea kama anayetafuta shilingi? Joan naye na saluni yake anaendeleaje na hii korona, watu wanasukwa wakiwa na maski? Mpe pole. Sisi huku Njoro ni wazima, tunashukuru Mungu, isipokuwa baridi ya mwezi wa saba ilitupiga mpaka ng'ombe akawa anakataa kusimama nikitaka kukamua. Mimi mwenyewe navaa sweta mbili na koti la mvua juu, na bado nilipendeza kanisani ile Jumapili ya kwanza walipofungua tena.

Najua ulishtuka na ile meseji ya Baba Jeff, ya maneno mawili tu, "Jeff haji." Ulinipigia mara ngapi sijui ukidhani kuna mtu amepelekwa hospitali, na mimi nikakujibu tuko sawa nitakuambia. Sikuweza kusema. Nyumba hii tangu korona ije ina masikio kila pembe. Baba Jeff yuko nyumbani tangu shule ifungwe, na lile basi alilokuwa anaendesha limeota nyasi kwa magurudumu. Jeff naye yuko nyumbani tangu chuo kiwafukuze. Nikishika simu tu, mmoja anauliza ni nani huyo, na mwingine anasema nisalimie. Ndiyo sababu nimekuja kuandikia hapa zizini, nimekalia ndoo, na barua nitampa Kipkirui wa maziwa aikabidhi kwa mkono wako. Na ukifika sehemu ya mwisho usimsomee Baba Joan. Shemeji yangu ni mtu mzuri sana lakini mdomo wake hauna kifuniko.

Haya. Unajua vile Jeff ako na hizi vitu zake za waya. Mimi nilisema tangu akiwa mdogo, huyu mtoto hakuzaliwa kulima. Wenzake likizo hii ndefu wamenenepa wakilala, yeye amegeuza stoo yangu ikawa karakana. Kila redio iliyokufa hapa mtaani, kila simu iliyoanguka kwa choo, inaletwa kwa Mama Jeff. Mwezi wa nne alitutengenezea mtungi wa kunawa mikono ambao hauguswi, unaweka mikono chini na maji yanakuja yenyewe. Ni kweli siku ile pasta alikuja kututembelea maji yalitoka kabla hajaleta mikono, yakamlowesha suruali mahali ambapo suruali ya pasta haifai kulowa. Lakini hata hiyo inaonyesha mashine ina bidii.

Kosa lilikuwa redio ya Baba Jeff. Unaijua, ile ya ngozi. Tangu akae nyumbani, hiyo redio ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila alasiri anavaa kofia, anaketi wima na kusikiliza wizara ikisoma wangapi wamepatikana na ugonjwa leo, kama ni yeye atakayeulizwa. Sasa Jeff alihitaji kidude fulani cha kumalizia inkubeta yake, ile friji ya kuangulia mayai, akakiona ndani ya redio ya baba. Baba Jeff alirudi kutoka kukata nyasi, akaikuta juu ya meza imefunguliwa matumbo kama kuku wa Krismasi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikula chakula chake, akapangusa mdomo, akasema mtoto wa kufungua tu bila kufunga hatafika popote, na ya kwamba kwa Baba Joan kuna nafasi kwa mashine ya mbao. Hiyo simu aliyompigia mumeo unaikumbuka, kwa sababu ni wewe uliyeenda kumnunulia kijana viatu vya gambuti. Jeff aliomba kitu kimoja, kwamba mayai yalikuwa yameshaingia kwa friji, aachiwe mpaka siku yao. Baba yake akasema sawa. Ikifika Jumamosi ile ya kutoka na kusiwe na hata kifaranga kimoja, vitu vyote vya waya viondoke kwa stoo, na Jumatatu kijana apande lori. Na hata chuo kikifunguliwa, tutaona kama kuna haja.

Mama Joan, nilimwangalia yule mtoto. Alienda stoo akaanza kukunja waya zake moja moja, akizitia kwa katoni polepole, vile tulivyokunja nguo za marehemu mama. Mimi nikaingia jikoni nikakata kitunguu ambacho sikuwa nakihitaji.

Lakini ngoja nikueleze hiyo mashine, maana nikieleza siku hizi watu wanadhani nilisomea uinjinia. Ni friji iliyokufa, jirani alikuwa anaitumia kuwekea majembe. Jeff ameweka balbu ndani, na feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha joto, na kidude kama punje ya mchele kinachoonja joto. Likizidi, balbu zinajizima. Likipungua, zinajiwasha. Halafu kuna mota inayopindua trei ili mayai yasilalie upande mmoja, kama vile kuku mwenyewe anavyoyageuza na mdomo. Friji, ambayo kazi yake ni baridi, inatoa joto. Niambie kama kwa ukoo wetu kuna mtu aliwahi kufikiria hivyo. Joan wako ni mwerevu, sikatai, lakini hicho si kichwa cha kusuka nywele.

Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka wiki ya pili. Upepo ukaangusha mti juu ya waya wa stima kule barabarani, tukakaa gizani siku mbili, na baridi hiyo ninayokuambia. Jeff alijaza maji moto kwa mitungi akapanga ndani ya friji, sisi tukaifunika na mablanketi. Nilichemsha maji mpaka kuni za mwezi zikaisha. Baba Jeff alisema yeye hataki kuhusika. Lakini asubuhi nilikuta blanketi lake la kitandani, lile jekundu, liko juu ya friji. Nilipomuuliza akasema pengine lilianguka. Kutoka chumba cha kulala, Mama Joan, likapita sebuleni, likavuka uwanja, likaanguka juu ya friji.

Stima ikarudi. Siku zikakaribia. Ikafika Ijumaa na mayai yamenyamaza kabisa. Ukiweka sikio husikii kitu. Jeff alituambia ile baridi imeyachelewesha, tumpe hata mpaka Jumapili. Baba yake akasema lori halichelewi.

Sasa sikiliza. Jumamosi asubuhi niko hapa hapa zizini nakamua, nikamsikia Jeff akiita, "Mathe! Mathe, kujeni!" Nilikimbia na gambuti moja. Friji imejaa vifaranga wanatembea juu ya mayai, wengine wa madoadoa, wengine manjano kama maua ya haradali. Nililia. Baba Jeff alikuja na lile koti lake kubwa, akainama, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Haya basi," akatoka nje akaanza kukata kuni. Hapo ndipo alipowaandikia ile meseji.

Halafu jioni mayai yakaanza kupasuka, na Jumapili mengine. Vifaranga wakazidi wakawa arobaini na wanne, na kando bado kuna mayai yaliyobaki mazima. Habari ikatembea. Watu walikuja na maski zao kusimama kwa mlango wa stoo. Mke wa pasta alitangaza kuwa ni baraka za kuzidishiwa, na mimi sikumkatiza. Kuna mama alikuja na mayai yake kwa kikapu kutoka kule karibu na chuo kikuu akitaka yawekwe na yake yazidi pia. Baba Jeff ndiye alikuwa anawajibu wageni. Aliwaambia hiyo ni joto tu, joto ikiwa sawasawa yai moja linaweza kutoa wawili. Nilimwangalia nikajiuliza huyu mtu amejifunza uongo lini.

Basi sasa hapa ndipo namwaga siri yote, na hapa ndipo ufunge mlango kama Baba Joan yuko karibu.

Wale wa madoadoa waliokuwa wa kwanza ni mimi. Niliwanunua. Ijumaa ile nilimwambia Baba Jeff naenda Nakuru kutafuta maski za kitambaa, nikaenda moja kwa moja kwa agrovet ya Linah, lile duka la dawa na chakula cha mifugo, nikachagua dazeni moja ya kienyeji, mmoja mmoja, wenye rangi kama za kuku wetu. Kipkirui alinipa lifti kurudi. Tukiwa njiani katoni ikaanza kulia piu piu chini ya leso yangu, na Kipkirui mdomo wake naye unaujua, kwa hivyo nikaanza kukohoa ili nifunike sauti. Kukohoa, siku hizi. Alisimamisha pikapu akaniambia kwa heshima sana, "Mama, hamia nyuma na mitungi." Nilifika nyumbani nimeganda kama samaki. Na asubuhi nikienda kukamua, nikapitia stoo kukiwa bado giza na balbu zimejizima, nikawaweka wale watoto ndani ya friji macho yangu yakiwa kwa nyumba, nikafunga mlango pole pole.

Kwa hivyo nilipoona wale wa manjano nilijua hao ndio wa Jeff wa kweli. Nilijisikia vibaya. Nikasema, Trizah, Mungu alikuwa tayari amefanya, wewe ulikuwa unakimbilia nini? Nilikaa na hiyo aibu wiki mbili nzima, na hesabu ya arobaini na wanne ilipokataa nikajiambia wanaokimbia hawahesabiki vizuri. Lakini, Mama Joan, wale wa manjano wanakula kama wanalipwa. Wenzao bado ni ngumi, wao wameshakuwa viatu. Wamekuwa weupe, miguu minene, hawakimbii, wanakaa tu kando ya sahani. Mimi nimefuga kuku maisha yangu yote. Yai la kienyeji halitoi broila, kuku wa nyama.

Juzi nikarudi kwa Linah kununua chakula. Nikamuuliza kwa mzaha kama alinichanganyia broila kwa katoni yangu. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia ile Ijumaa, sijatoka hata nusu saa, mzee mmoja aliingia na koti kubwa, kofia imeshuka, maski imepanda, macho tu ndiyo yanaonekana, akamuuliza kama ana vifaranga wa kutoka kwa friji. Linah akamuuliza anataka aina gani. Akasema aina ndogo. Linah alimpa wa manjano kwa sababu ndio walikuwa karibu. Halafu nikamuuliza alisema nini kingine, na hapo Linah akaacha kucheka.

"Alisema, 'Tarehe niliiweka mimi na siwezi kuirudisha nyuma mbele ya kijana. Nisaidie asiaibike.'"

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Nilicheka, halafu nikalia, nikajipangusa na maski. Baba Jeff aliniambia siku hiyo anaenda shule kuuliza kama basi litatoka lini, na mimi nikamwambia naenda kutafuta maski, tukaagana kwa mlango kama watu waaminifu. Miaka yote nimelala na huyo mtu nikidhani namjua. Sijamwambia najua. Yeye naye anadhani wale wa madoadoa wote ni wa friji, na akiwaangalia anafurahi kweli kweli, kwa hivyo mimi ni nani nimharibie.

Sasa utauliza Jeff. Jana alinisaidia kubeba maziwa. Tukafika hapa kwa mlango akasimama, akaniambia bila kunitazama, "Mathe, maganda yaliyopasuka nilihesabu. Ni kumi na saba. Hao ndio wangu." Akasema na baridi yote ile, na stima kupotea siku mbili, kumi na saba ni kazi nzuri, hata mwalimu wake wa chuo amemwambia hivyo kwa simu. Halafu akasema, "Hao wengine sitaki kujua wametoka wapi. Lakini mwambie buda asinunue tena."

Buda, yaani baba yake. Si mimi. Kwa hivyo ujue mwanao huyu ana akili lakini hajamaliza kozi yote.

Jioni niliwaona kwa stoo, redio ya ngozi iko wazi mezani, Jeff anairudisha kidude kwa kidude, na Baba Jeff ameshika tochi juu yake. Alikuwa anauliza hii ni ya nini na hii ni ya nini. Katoni ya waya imerudi kwa rafu. Stoo yangu imeenda kabisa, na sijali.

Kwa hivyo gambuti umpe Baba Joan, na umwambie shukrani za nafasi ile, tena kwa moyo, si kwa mdomo tu. Mwambie pia Baba Jeff anataka hao wa manjano waliwe haraka. Kila mgeni akiuliza mbona ni wakubwa hivyo, anaenda kunoa kisu. Ameniambia niwaite nyote, maana hii likizo ya korona tumekaa kila mtu kwake kama tumekosana, na njia huku kwetu haijafungwa. Mimi nitapika chapati, na unajua zangu si kama za watu. Njooni mapema ili kafyu isiwakute njiani, mlete maski, na msiwe wengi kuliko vile serikali imesema, labda mkija kwa zamu.

Nisalimie Joan na mtoto wake, nisalimie mama mkwe wako ikiwa amepunguza kulalamika, na umwambie Baba Joan shemeji yake anamkumbuka kwa maombi. Ikifika hapo mezani mtu akasifu friji, wewe kula tu.

Tunawangoja wote Jumamosi, tarehe ishirini na tisa mwezi huu wa nane, kabla ya chai ya saa nne.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Trizah, Mama Jeff