Shamba la Dada Lililokuwa Ziwani

Jumapili, Musoma. Oktoba inaishia, joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Sina hasira, sina furaha. Niko katikati.

Nafundisha fizikia chuoni, na jioni zangu nyingi zinaishia kwenye modeli ya mvua ninayoiendesha kwa kompyuta. Kwa asiyejua: modeli inaigawa nchi kwenye miraba, kama karatasi ya hesabu, halafu inakokotoa joto, upepo na unyevu wa kila mraba. Kazi hii inanipa heshima kubwa, hasa kwa watu ambao hawajawahi kuiona.

Mmoja wao ni dada yangu Nyangeta. Ni mkubwa wangu, mjane, analima Guta, karibu na Bunda mjini.

Kule kwao nyumba kadhaa zinatumia jozi moja ya maksai, waliotoka kwa wajomba Butiama. Wanalima kwa zamu. Siku yako ikifika unalima na kupanda hapohapo, maana kesho maksai wako kwa mwenzako. Ukiipisha zamu, unarudi mwisho wa foleni.

Zamu ya dada ilikuwa jana. Mbegu yake ya mahindi ni ya kupanda mara moja tu. Ikifia ardhini kwa ukame, hana nyingine. Kwa hiyo aliniuliza mimi, mtaalamu. Nikamwambia apande, modeli inaona mvua nzuri Guta.

Alhamisi nilikuwa naandaa ramani ya kuwaonyesha wanafunzi. Nchi kavu nikaipaka kahawia, maji nikayapaka bluu. Guta ikatokea bluu.

Nikaangalia tena.

Bluu.

Miraba yangu ni mipana mno. Mraba ulioibeba Guta, sehemu yake kubwa ni ziwa, basi modeli imeuhesabu wote kuwa maji. Nawafundishaga vijana kwamba kwenye fizikia ya chembe ndogo kitu kinaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja. Modeli yangu haina uvumilivu huo. Ama ziwa, ama shamba. Na mvua yote niliyomwahidi dada ilikuwa inawanyeshea sangara.

Nikarekebisha, nikaiendesha upya kwa miraba midogo. Mvua ikasogea mbele karibu wiki mbili.

Nikampigia.

"Dada, nimekosea. Kwenye kompyuta shamba lako liko ziwani."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza."

"Kumbe miaka yote hii nalimaga majini, na hujanitumia hata mtumbwi."

"Usipande Jumamosi."

"Hilo utakuja kuwaambia mwenyewe. Mimi sisimami mbele ya watu niseme mdogo wangu kanizamisha."

Jana nikaenda. Nikawakuta maksai wameshafungwa nira, watu wananingoja. Nikaeleza habari za miraba kwa ufasaha ambao wanafunzi wangu hawajawahi kuupata. Mama Magesa, jirani anayemfuata dada kwenye zamu, akanisikiliza kwa upole.

"Mwalimu, na mimi nilikuwa majini?"

"Ulikuwa, Mama. Sasa uko nchi kavu."

"Ndiyo maana. Nilikuwaga nasikia baridi miguuni."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Dada hakucheka. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na mbuzi pungufu.

"Una hakika?"

"Hapana. Ila nina hakika kuliko wiki iliyopita."

Akaipisha zamu. Mama Magesa akawachukua maksai, yeye anapanda mihogo, na pingili za mihogo zinajua kusubiri. Dada sasa ni wa mwisho.

Mvua ikiwahi, wenzake watapanda kwenye unyevu, yeye atakuwa bado anangoja maksai huku shamba lake likiota majani, na neno lililomchelewesha ni langu. Mvua ikichelewa, mbegu yake iko salama, na mimi narudi kuwa mtaalamu.

Leo kanisani tumeombea mvua. Nimesimama na wenzangu, midomo inatembea.

Moyoni nimeomba ichelewe.

Nilidhani naomba kwa ajili ya dada. Nilipokuwa natoka nje sikuwa na hakika kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya modeli.

Basi nimeamua hivi: ikiwahi, naomba ruhusa chuoni, naenda Guta kumlimia kwa jembe la mkono. Mgongo wangu nao una utabiri wake, na si mzuri.

Saa hizi upande wa ziwa pameanza kuwa peusi. Ujumbe wa dada umeingia sasa hivi, hauna hata salamu: "Hilo wingu ni la ziwani au ni la kwetu?"

Nimetoka nje kuliangalia.