Jiwe Lenye Konokono

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumatatu, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi za jikoni huko hotelini. Baridi imepungua? Na lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza? Huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua. Mimi mwili ni mzima. Mengine sijui niyaseme vipi.

Hija nilikwenda. Kila ukipiga simu unaniuliza habari za jiwe lako, nami najibu "ndiyo" na kukata. Ndiyo maana naandika.

Unaijua desturi ya parokia yetu: kila hujaji huokota jiwe kijitoni, hupanda nalo kilimani, na akifika msalabani hulitua pamoja na yaliyo moyoni, kisha hushuka mikono mitupu. Mimi niliokota mawili, langu na lako, kwa kuwa hukuweza kuja kumzika Mama na ukaniomba nikutulie huzuni hiyo. Wahenga hawakukosea, ukubwa ni jaa.

Nilitumaini kwamba huko nitalia. Tangu mazishi sijatoa chozi. Nashona, nakula, nalala. Majirani wananisifu eti nina imani kubwa. Imani gani? Ndani kumekufa ganzi tu.

Basi wenzangu wakawa wanasali, mimi natazama majani. Kando ya njia kulikuwa na kifauongo. Nikakigusa, kikajikunja chote. Nikakionea wivu, nikasimama pale hadi safu nzima ikanipita.

Kwenye kituo kimoja cha Njia ya Msalaba mjusi kafiri alikuwa amejibandika juu ya picha. Shangazi akamfukuza kwa leso, "Toka hapa, we kafiri! Hata hija unatuingilia?" Padri mwenyewe alicheka hadi akashika mbavu. Nilijua kwamba inachekesha.

Msalabani nilitua lako kwanza, nikasali kwa maneno yale yale uliyonipa. Limekaa vizuri juu ya mengine, halitikisiki. Usiulize tena.

Nilipogeuza langu nilitue, nikaona konokono mdogo amejificha chini yake. Kumbe nilikuwa nimempandisha kilima chote! Pale juu ni mawe matupu na jua kali, angekauka kabla ibada haijaisha. Nikakumbuka Mama alivyokuwa akiwatoa konokono kwenye mchicha, mmoja mmoja, na kuwapeleka kwenye ua. Hakuwaua hata siku moja. Alisema nao wana kwao.

Katekista akaniharakisha. "Dada, tua mzigo basi, wenzako wanangoja."

"Huu una mwenyewe," nikamwambia. Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua. Nikageuka nikashuka nao.

Nikalirudisha jiwe kijitoni, kwenye kivuli, nikachuchumaa kungoja. Basi lilipiga honi, Shangazi akaniita kwa majina yangu yote, sikuondoka. Hatimaye zikatoka pembe mbili, akaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye majani yenye unyevu. Nilidhani sasa nitalia. Sikulia.

Msalimie mkeo, na yule rafiki yako Kidevu, mwambie deni lake la kuoa bado tunalikumbuka. Shangazi anakusalimu, anasema amekusamehe kitambo kwa kukosa mazishi, na magoti ya Baba ni uzee tu, hayatokani na wewe. Mungu akufunike katika kazi zako, akulinde na moto wa jiko na ulimi wa tajiri wako.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Lako limetuliwa, huna wa kukulaumu. Langu bado ninalo moyoni, na peke yangu siliwezi. Ukipata likizo, njoo. Usilete chochote. Simama tu mlangoni nikuone, maana una uso wa Mama, nadhani hapo nitalia. Nawe una kwenu.

Wako akupendaye, hata siku hizi asiposikia kitu,

Dada