Farasi na Mama Mkwe

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa hapo Ngezi. Maumivu ya mgongo yamekuachilia? Na usalama wa huko ukoje? Siye huku Kanada tuko wazima na mtoto ananyonya vizuri, ila mimi baba yake sina pa kuweka uso. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe hupenda kuiweka kwenye sauti kubwa, na ua wote husikia. Hii isome peke yako.

Unajua patroni wangu, mwenye shamba, ananifundisha kupanda farasi ili nimsaidie kuchunga ng'ombe. Anasema miguu ining'inie tu, kisigino chini, magoti yalegee, mwili ukae wima katikati. Kusikia ni rahisi. Lakini mimi nimeendesha pikipiki miaka mingi barabara ya Bogoro, na kwenye pikipiki ukiogopa unabana tangi kwa magoti. Farasi ukimbana hivyo anaelewa kwamba unamtuma akimbie. Akikimbia naogopa, nikiogopa nabana zaidi. Mbavu zangu zinajua mwisho wake.

Mama mkwe, ambaye amekuja kumsaidia mke wangu aliyejifungua kwa kupasuliwa, hayo hakuyajua. Nilikuwa nimejisifu nyumbani kwamba farasi ananitii. Mdomo uliponza kichwa. Jumapili baada ya ibada mke wangu akamleta aone. Alisimama nyuma ya uzio, uso ameugeuza kidogo, kama inavyofaa. Wajua tunavyoishi naye: mimi nakohoa kabla ya kuingia jikoni, naye anatokea mlango mwingine. Nami kwa ujinga wangu nikainua mkono nimsalimu. Mwili ukayumba, magoti yakabana. Farasi akatoka mbio hadi kwenye uzio, akasimama ghafla, nami nikapita juu ya shingo yake na juu ya uzio pia. Nilichokishika nisife kilikuwa mama mkwe. Mikono yote miwili, shingoni. Tukaanguka wote kwenye matope, kilemba chake huko.

"Yesu wangu!" alilia. "Bwana ya mutoto yangu ananishika!"

"Weye Faustin, achia mama yangu!" mke wangu akapiga kelele.

Sikuweza kumwachia upesi, mguu mmoja ulikuwa umenasa kwenye uzio. Baba, naona haya hata kuandika.

Patroni alicheka, akasema huku mtu humkumbatia mama mkwe wake kila Noeli.

Tangu hapo mama mkwe hatoki chumbani nikiwa nyumbani. Alinitumia neno kupitia mke wangu: "Umwambie bwana yako, miye siko na kasirani. Lakini nitamuangalia namna gani? Watu ya kwao wafike kwetu na mbuzi ya kuondoa haya. Kama hapana, miye nitarudia Bunia." Akirudi, mke wangu, ambaye bado amekatazwa kuinua hata ndoo, atabaki na nani? Mimi natoka alfajiri.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, uende kwao pamoja na shangazi, maana yeye anajua kusema mambo ya aibu bila kucheka. Mjomba wa Bogoro achague mbuzi. Waambie sikukusudia. Farasi nitampanda tena, ni kazi, lakini mkono sitamwinulia mtu yeyote.

Msalimu Mama na dada yangu mdogo, ila usiwaambie sababu ya safari yenu. Na mbuzi awe mkubwa, Baba. Nilimshika kwa nguvu.

Ni mimi mwanao mwenye haya,
Faustin